Binti kaenda kutengeneza gemu: mama, usikate ada kwanza (Sehemu ya 6)

Leo chanjo tunaiweka pembeni kidogo, tuongee gemu.

Dada yangu wa Ruangwa alinipigia analia. Binti yake anasoma chuo Dar, kamwambia anakwenda kwenye hakathoni, watatengeneza gemu kwa saa 48, wako wanne, wawili wavulana. Dada alichosikia ni gemu, usiku na wavulana. Akasema hela ya korosho haiendi tena chuoni, mtoto arudi nyumbani.

Nikamwomba anipe siku mbili. Nikampigia binti, nikamuuliza tu: mnatengeneza nini?

"Bao, mama mdogo. Watu wawili wanacheza, kila mmoja na simu yake, hata wakiwa wilaya tofauti."

Bao mnalijua: mashimo 32, kete 64. Kwa kuwa muda ni mdogo, wakachagua bao la kujifunza, lile la kete mbili kila shimo. Mmoja anaandika programu, mmoja anachora, mmoja anashughulikia mawasiliano ya simu na simu, na binti yetu anajaribu kila kitu ili kuona kinapoharibika.

Kikaharibika kweli. Simu moja inaonyesha kete 64, nyingine 62. Kumbe kila simu ilikuwa inahesabu kivyake, na mtandao ukichelewa zinapishana. Dawa yake: ubao ukae sehemu moja tu, kwenye seva. Simu inatuma "nimecheza shimo la tatu", seva inahesabu, halafu inazirudishia simu zote mbili jibu moja.

Hapo mimi nesi nikaelewa haraka. Ndiyo maana tunawasisitiza mje na kadi ya kliniki. Mtoto akiandikwa huku hivi na kule vile, nani ajue kachanjwa nini?

Sasa sikilizeni hili. Aliyeona kosa ni yule aliyetoka kulala. Walikuwa wanapokezana, wawili wanalala, wawili wanafanya kazi. Mtu mzima anahitaji saa 7 au zaidi za usingizi, kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji 8 hadi 10. Kichwa kisicholala hakioni kosa lililo mbele yake.

Hawakushinda. Ila Jumapili babu akiwa kwangu Nachingwea alicheza na dada aliyeko Ruangwa. Babu kalalamika kete hazina mlio, halafu akataka tena. Dada akanyamaza, kisha akamuuliza binti, "Hiyo ya kupishana hesabu uliigundua wewe?" Ada imelipwa.

Mama, kucheza gemu na kutengeneza gemu ni vitu viwili. Kabla hujasema hapana, uliza: Unatengeneza nini? Uko na nani, na nani mkubwa anasimamia? Utalala saa ngapi? Akijibu vizuri, mpe baraka. Akikwepa swali la pili, hapo kuwa mkali, una haki.

Na wenye wadogo, msichanganye mambo. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2019: chini ya miaka miwili, skrini haishauriwi, miaka 2 hadi 4, isizidi saa moja kwa siku. Huyo mpe kete za kweli acheze na babu yake, ila awe amepita umri wa kutia kila kitu mdomoni.

Sehemu ya 7 tutaongea usingizi wa mtoto mchanga. Mlale salama.