Saa ya Mitunguu ndani ya kompyuta ya Minneapolis

Nyumbani Mitunguu, baba alirekodi redio kwa vidole viwili, kimoja kwenye kitufe cha kucheza, kingine kwenye cha kurekodi, akivibonyeza pamoja. Kanda ya dakika 60 hubeba 30 kila upande, kwa hiyo kipindi kikinoga lazima uigeuze, na hapo sentensi nzima hupotea. Kanda aliyoipenda aliivunja vile vijino viwili vya juu ili isifutike. Sisi watoto tuliziba matundu kwa karatasi ya gundi, tukarekodi nyimbo zetu juu ya kwaya yake. Hilo linaniuma hadi leo.

Hapa Minneapolis, Muuga FM hunifikia kwa intaneti na Kimeru chake chote. Naipa VLC, programu ya bure, anwani ya matangazo, nayo huyahifadhi jinsi yanavyoingia. Matangazo ya kilobiti 64 kwa sekunde huchukua kama megabaiti 29 kwa saa. Diski haioni uzito. Nyumbani hesabu ni kinyume. FM inatoka hewani bila malipo, lakini megabaiti ni bando, na bando ni pesa ya unga. Tena warekodi za nini? Kesho redio itasema tena. Anayehitaji akiba ni yule aliye kazini watu wake wanapozungumza.

Shangazi alipiga simu kipindi cha saa tatu usiku kunitumia salamu. Majira ya joto, hiyo huwa saa saba mchana kwangu, na ndivyo nilivyoipangia kompyuta. Lakini ilikuwa Novemba. Marekani ilikuwa imerudisha saa nyuma. Kenya haigusi saa zake. Kompyuta ilipoanza kurekodi, Mitunguu ilikuwa saa nne na kipindi kimekwisha. Kesho yake akaniuliza, “Ulinisikia?” Sikuweza kumdanganya.

Tangu siku hiyo kompyuta inafuata saa ya Nairobi, na inaanza dakika 10 mapema. Kila faili lina tarehe na jina la kipindi. Silibani liwe dogo zaidi, kwa sababu kila ukibana, sauti hupungukiwa.

Januari shangazi alipiga tena. Mtangazaji anamsihi, “Mama, punguza redio kwanza,” maana mwangwi umezidi. Unasikia patipati zake zikielekea jikoni, mbwa akibweka, redio ikinyamaza. Kisha anarudi akihema, na kuniita kwa jina la babu.