Kamina: kadi mama moja, feza ya likelemba moja

Katika mji wa Kamina, mtu anayetaka kujiundia ordinateri ya mezani hana duka kubwa la kuingia na kuchagua. Kadi mama, ile mafundi wanaita carte mère, inatoka Lubumbashi, kwa treni ao kwa gari. Ikifika na haipatane na vipande vingine, kuirudisha ni safari ingine na feza ingine. Kwa hiyo kazi yote ya kuchagua inapaswa kuisha mbele ya kulipa.

Kijana mmoja, aliyehamia hapa na jamaa yake kwa sababu ya vita, anataka kufungua kibanda cha kuandika barua na kutoa kopi. Wanaomngojea ni majirani zake: wazazi waliokimbia bila karatasi, wanaotafuta kopi ya cheti cha mtoto ao barua ya kupeleka kwa mkubwa wa mtaa. Feza yake ni ya likelemba ya wamama. Zamu ya mama yake ilipofika, mama alimpa yote. Zamu ingine iko mbali.

Alifika kwa fundi na picha kwenye simu: kadi mama mpya, kubwa, yenye taa za rangi. Fundi, mzee aliyezoea kutengeneza radio na televizyo, hakuangalia taa.

— Mtoto wangu, processeri yako ni gani?

— Iko ndani ya masini ya zamani, papa. I5 ya kizazi cha tatu.

— Na memwari?

— Barete mbili, DDR3.

Basi picha ile ikawa imekwisha kazi. Processeri za Intel za kizazi cha tatu, zilizotoka mwaka 2012, zinakaa katika kiti kinachoitwa LGA 1155, na namba hiyo ni hesabu ya pini zake. Kadi mama mpya ina kiti kingine. Memwari nayo inakataa: mkato wa DDR3 hauko mahali pamoja na mkato wa DDR4, na mwenye kusukuma kwa nguvu anavunja. Kununua kadi mpya maana yake ni kununua processeri mpya na memwari mpya, na likelemba haifiki huko.

Tena kuna mtego mwingine, ambao wauzaji wengi hawausemi. Kiti kinaweza kufanana na bado vitu vikakataana. LGA 1151 ilitumika kwa kizazi cha sita na cha saba, kisha kwa cha nane na cha tisa, lakini kadi za wale wa kwanza hazikubali processeri za wale wa pili. Kwa AMD, kiti cha AM4 kilidumu miaka mingi, ila kadi ya zamani inaweza kuhitaji BIOS mpya kwanza ili itambue processeri mpya. Anayeagiza toka mbali amwombe muuzaji afanye kazi hiyo kulekule Lubumbashi.

Fundi akaenda kwa jambo la kuran. Kibanda kitatumia sola na batri. I5 nyingi za kizazi kile zinahesabiwa wati 77. Ziko zenye herufi T nyuma ya namba, za wati chache zaidi. Kijana anayo ya kwanza, basi atakaa nayo, lakini hatanunua kadi ya skrini ya pembeni, maana processeri yenyewe inatoa picha, na barua haiombi zaidi.

Ukubwa pia. ATX ya kawaida ni milimita 305 kwa 244, micro-ATX ni 244 kwa 244. Sanduku la kijana linapokea ile ndogo. Kadi zilizotolewa katika masini za ofisi za Ulaya ni bei nafuu, lakini nyingi zina tundu la kuran la namna yake zenyewe, na alimentasyo ya kawaida haiingii. Heri kuziacha, hata muuzaji akipunguza bei.

Inashangaza kidogo kuona vitu hivi vinarudi huku. Kasiterite inayochimbwa Malemba-Nkulu na Manono inatoa bati, na bati ndiyo inashikamanisha vipande juu ya kadi mama. Koltani inatoa tantali ya kondensateri ndogo. Jiwe linatoka bila kulipa bei ya kadi, kadi inarudi na bei ya safari.

Mwishowe walikubaliana: kadi ya mitumba, micro-ATX, kiti LGA 1155, nafasi mbili za DDR3, na tundu za SATA za diski. Fundi akaandika ujumbe kwa muuzaji. Awashe kadi mbele ya kamera ya WhatsApp mpaka skrini ya kwanza ionekane. Aonyeshe kondensateri, isiwe hata moja iliyovimba kichwani. Apige picha ya kiti kwa karibu, kwa sababu pini moja iliyopinda inatosha kuharibu yote. Aweke batri ndogo mpya ya CR2032. Kisha aifunge vizuri katika karto, wala asiitupe ndani ya mfuko wa nguo.

Picha ya kwanza ya pini ilifika yenye giza. Fundi akaomba ingine, ya mchana, na feza ikabaki kwa mama.