Mbu Wawili wa Michenga

Ukitoka Ifakara mjini kwenda Michenga wakati mpunga umechanua, macho hayachoki kutazama. Mimi huenda huko na akina mama wenzangu wa kanisani kuwatembelea wagonjwa.

Siku moja tulimkuta mama kijana kisimani, mtoto yuko mgongoni, mwili unachemka.

"Sista," aliniambia, "madimbwi yote ya uani nimefukia. Malaria hii inatoka wapi?"

Nikachungulia kisimani. Maji yalikuwa maangavu, majani yameota pembeni. Kati ya majani hayo viluwiluwi vilikuwa vimelala sambamba na uso wa maji, kama walalavyo watoto wa mbu wa malaria.

Mama mwenzangu, katika Bonde la Kilombero mbu hawa ni ndugu wenye tabia mbalimbali. Anopheles arabiensis hupenda maji ya muda yanayopigwa na jua: majaruba ya mpunga, madimbwi, hata nyayo za ng'ombe. Huuma watu na ng'ombe, ndani na nje. Ndugu yake, Anopheles funestus, huchagua maji ya kudumu yenye majani, kama visima vya kuchimbwa na kingo za vijito. Huyu humtafuta binadamu, usiku wa manane, ndani ya nyumba. Watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara wameonyesha kwamba, ijapokuwa ni wachache, ndio wanaoeneza sehemu kubwa ya malaria bondeni. Tena maji yao hayakauki upesi kiangazi.

"Mnalala wapi siku hizi?" nilimwuliza.

"Kibandani shambani, tunaamia ndege."

"Na chandarua?"

Akainama. "Kiko nyumbani."

Tulikwenda naye zahanati. Mtoto akapimwa, akakutwa na malaria, akaanzishiwa dawa siku ileile.

Wengi wetu tunakumbuka vyandarua vya Zuia Mbu, vilivyoanza kuuzwa Kilombero na Ulanga mwaka 1997. Watafiti waliona kuwa kwa watoto wadogo waliolala ndani ya vyandarua vyenye dawa, uwezekano wa kuishi uliongezeka kwa asilimia 27.

Basi, akina mama, tufukie madimbwi, lakini tusiishie hapo. Tung'oe majani ya kisimani na kukifunika. Na tunapofunga mzigo wa kwenda shamba, sufuria na chandarua vitoke nyumbani pamoja. Mtoto akipata homa, tusingoje kuche mara mbili, apelekwe akapimwe.