Rangi ya Chini ya Boneti

Kimya changu cha wiki tatu kimewafanya baadhi yenu mdhani nimeoa. Sijaoa. Nilikuwa nyumbani Wete, Pemba, nikibishana juu ya rangi.

Nyumbani kwetu kuna Land Rover. Msiwaze yale mapya ya wakubwa yenye vioo vya giza. Hili ni 109 la mwaka 1970, Series IIA, lile lenye tairi la akiba juu ya boneti kama mwanamke aliyejitwika ungo. Baba alilinunua mtumba mwaka 1983 kwa fedha za karafuu za urithi wake. Likabeba magunia ya karafuu, makonyo, ndizi, wagonjwa, maharusi na maiti, mpaka mwaka 2009 lilipozimika uani chini ya mwembe na kukaa hapo. Kuku walitaga ndani yake. Mimi mwenyewe, kitinda mimba, nilisomea mtihani wa kidato cha nne kwenye kiti cha nyuma, kwa sababu ndiyo sehemu pekee nyumbani ambayo hakuna aliyenituma dukani.

Kaka yangu mkubwa yuko Muscat. Yeye ndiye aliyeamua gari lifufuliwe, na yeye ndiye anayelipa. Mimi nilipewa usimamizi kwa sababu nilikuwa na likizo na, kwa maneno yake, "wewe kazi yako si kuuliza maswali?" Nikapanda boti, nikashuka Mkoani, nikazunguka na daladala mpaka Wete nikiwa na kijitabu changu na kalamu kana kwamba mhariri kanituma.

Injini ilikuwa imeshatolewa, imelazwa juu ya matairi mawili ikisubiri gasketi. Fundi akaniambia kwamba kabla haijarudi, chumba chake kipigwe rangi, kwani nafasi kama hiyo hatuipati tena. Akauliza: rangi gani? Nilidhani hilo ni swali la dakika mbili. Lilikula siku tisa.

Sasa kwa wale ambao gari kwenu ni kitu cha kupanda na kushuka tu, nieleze kidogo. Land Rover lilianza kuonyeshwa Amsterdam mwaka 1948, baada ya vita, wakati chuma kilikuwa haba Uingereza, ndiyo maana bodi lake sehemu kubwa ni aluminiamu. Watu husema aluminiamu haishiki kutu, na ni kweli, lakini nenda kaishi nayo Wete ambako upepo wa bahari unakuja na chumvi yake mpaka kitandani. Mahali chuma kinapogusana na aluminiamu, chumvi na unyevu vikiwa katikati, aluminiamu huliwa polepole ikawa unga mweupe. Na ule ukuta unaotenganisha injini na miguu ya dereva si aluminiamu, ni chuma. Wa kwetu ulikuwa na tundu upande wa kushoto ambalo mtoto angepitisha mkono. Chini ya betri ndiyo usiseme, maji ya betri yalikuwa yamemaliza kila kitu.

Fundi alikata, akachomea bati jipya, akasaga. Akanionya kwamba aluminiamu haikubali praima yoyote tu. Inataka ile inayoing'ata, la sivyo rangi itabambuka kama ngozi ya mtu aliyeungua. Akanionya pia juu ya mafuta ya breki, kwamba tone moja likimwagika huvua rangi nzuri mpaka bati likabaki uchi. Ni mtu wa maneno machache na sigara nyingi, lakini juu ya rangi alikuwa na msimamo. Nyeusi hakuitaka, maana inaficha, mafuta yakivuja huyaoni. Nyeupe nayo inaonyesha kila kitu, ila baada ya mwaka joto na mvuke wa mafuta huigeuza manjano kama meno ya mvuta tumbaku. "Tafuteni ya katikati," akasema, akaniachia mzigo.

Kaka kwa simu alitaka rangi ya asili, basi. Alikuwa ameshasoma kila kitu kwenye intaneti. Magari haya kiwandani yalipakwa rangi vipande vipande kabla ya kuunganishwa, kwa hiyo rangi ya chini ya boneti ndiyo rangi ya nje. Na kwa kuwa mtu akibadilisha rangi ya nje hahangaiki kutoa injini, mara nyingi chini ya boneti ndiko inakobaki siri ya rangi ya kwanza. Wapenzi wa magari ya zamani hufungua boneti kabla hawajakusalimia. Nje ya letu ni nyeupe, na kadi ya gari inasema nyeupe, hatukutaka safari za kwenda ofisini kubadilisha. Ubishi ukabaki wa ndani tu.

Nikamuuliza Baba. Nani mwingine ningemuuliza?

"Kijani," akasema bila kufikiri. "Gari hili la kijani. Kijani cha jani la mkarafuu mvua ikishapita."

Siku ya pili akanichumia na jani lenyewe. Nikaenda nalo Chake Chake, kilomita kama 30 za kona, likiwa ndani ya kijitabu changu, mpaka duka la rangi. Kijana wa duka alicheka. Alijaribu kuchanganya, lakini mpaka ananiletea kopo la mfano, jani lilikuwa limeanza kuwa kahawia pembeni, tukabaki tunabishana tunafuata upande upi. Mwishoni tulikaribia ile rangi ambayo kiwandani iliitwa Bronze Green, kijani kizito kinachokaribia weusi. Nikarudi na kopo la lita moja nikiona kazi imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Fundi alikuwa akipiga msasa kona ya ule ukuta, pale ambapo hapakuliwa. Kwanza ikatoka nyeupe, ya mwaka 2001, iliyopulizwa na mtu mvivu aliyepaka mpaka mipira ya maji. Chini yake buluu. Chini ya buluu praima nyekundu. Chini ya praima, kijivu. Halafu bati linalong'aa. Tukajaribu sehemu nne: kona nyingine, ndani ya madigadi zote mbili, chini ya boneti lenyewe. Kila mahali ni hivyo hivyo. Kijani hakuna hata tone.

Mwaka 1984, ng'ambo ya hori kutoka kwetu, pale Mtambwe Mkuu, watafiti walichimba wakafukua hazina ya sarafu zaidi ya 2,000, nyingi za fedha na ndogo kuliko ukucha. Tangu utotoni nimeisikia habari ile nikawaonea wivu. Basi siku hiyo mimi nami nilijiona mchimbaji, na kijivu changu ndiyo sarafu. Nikapiga picha, nikamtumia kaka, akarudisha vidole gumba sita. Kazini nimefundishwa kwamba habari ya chanzo kimoja ni uvumi. Chanzo cha kwanza kilisema kijani, na bati lilisema kijivu. Bati halina sababu ya kudanganya.

Hapa ndipo ninapoona aibu kusimulia. Nilimshika Baba mkono nikampeleka uani nikamwonyesha. Nikamwonyesha kona ya kwanza, ya pili, ya tatu, na ya nne, kama ninavyomwekea ofisa nyaraka mezani ili asipate pa kutokea. Akainama, akapitisha kidole juu ya kile kijivu. Akanyamaza sana. Kisha akaniuliza, si kwa hasira:

"Basi mimi mwongo?"

Nikasema, "Hapana, Baba." Akasema tena kwamba gari ni la kijani, akaingia ndani. Jioni aliniuliza nimefika lini. Nikamwambia Jumamosi. Baada ya Isha akaniuliza tena. Kabla ya kulala akaniuliza kama njiani nimemwona rafiki yake wa bandarini, ambaye sote tulimzika nikiwa darasa la tano.

Mama alikuwa anachambua mchele. Nilikaa karibu yake, na kwa mara ya kwanza katika likizo ile sikuuliza swali.

"Tangu Ramadhani," akasema. "Kwenye simu ningekuambia nini?"

Halafu akanieleza habari ya rangi. Gari letu lilikuwa la kijivu. Anajua kwa sababu mwaka 1984 walimchukua nalo kutoka kwao Mtambwe kuja Wete, harusi yake. Kwa mashua ni mwendo mfupi, kwa gari ni mzunguko mrefu, na njia wakati ule ilikuwa mashimo matupu. Akatapika dirishani, mlango mzima. "Mlango ule nimeuosha mwenyewe siku ya tatu ya ubibi harusi wangu. Rangi yake nitaisahau?"

Na la kijani?

La kijani lilikuwepo. Lilikuwa gari la tajiri mmoja wa Wete aliyemwajiri Baba alipokuwa kijana, kabla hajapata lake. Alilala ndani yake msimu wa karafuu, alilipenda kuliko watu. "Hilo sijalipanda," Mama akasema. "Hilo la kabla yangu."

Aliendelea na mchele wake. Mimi hesabu ilinichukua muda kidogo. Kumbe Baba hakuwa amekosea gari tu. Alikuwa amerudi kwenye miaka ambayo Mama hayumo, wala kaka, wala mimi.

Sasa nipake nini? Kaka analipa, anataka kijivu. Bati limesema kijivu. Mama, ningesema, ana haki ya kijivu kuliko wote. Upande wa pili ni mzee mmoja na jani la mkarafuu. Siku mbili nilizunguka mjini na makopo mawili kichwani. Fundi alianza kunitazama kama mtu anayemcheleweshea riziki, na alikuwa na haki: kampresa anakodi kwa siku. Umeme angalau ulikuwepo. Wakubwa wanakumbuka Pemba ya kabla ya 2010, kabla ya ule waya wa chini ya bahari kutoka Tanga, tulipotegemea majenereta ya Wesha. Wakati huo fundi rangi alipanga kazi kwa dua.

Nilikuwa nimeshaamua kijivu. Nawaambia ukweli. Nilikuwa nimeshaandaa na maneno ya kumwambia Baba, kwamba kijivu kinaonyesha mafuta yakivuja, hoja ya fundi, isiyomwita mtu mwongo. Asubuhi Mama akanikuta mlangoni na kopo.

"Piga kijani," akasema.

"Mama, lakini wewe umesema..."

"Mimi nafungua boneti? Anayefungua boneti ni yeye. Kila asubuhi anatoka pale, anafungua, anatazama pakavu, anafunga. Mpe cha kutazama."

Basi tukapiga kijani. Mikono miwili ya praima ya aluminiamu, ya chuma yake mbali, msasa mwembamba wa maji, kisha kijani mikono mitatu. Fundi alivaa barakoa nzito kwa sababu ya hadina, ambayo ni mbaya kwa mapafu. Akanipa na mimi ya pili, kisha akaivua yake kuwasha sigara, na hapo nikakosa la kusema. Kaka alipoona picha alipiga simu papo hapo akanisomea risala juu ya asili na thamani. Nilimsikiliza mpaka mwisho, nikampa Mama simu. Waliongea kama dakika kumi. Aliporudi kwangu sauti yake ilikuwa nyingine, akauliza tu kama fedha za gasketi zimetosha.

Siku ya nne rangi ilikuwa imekauka vizuri, injini bado iko chini. Asubuhi Baba akatoka na kikombe chake cha kahawa kama kawaida, sisi wote tukijifanya tuna shughuli. Fundi alikuwa anafuta spana safi. Mama alisimama mlango wa jikoni. Baba akaweka kahawa juu ya madigadi, akafungua boneti, akalikita na fimbo yake. Akatazama kwa muda mrefu kiasi kwamba nilianza kufurahi.

"Nani kapiga kijani humu?" akasema. "Gari hili la kijivu. Mama yako nimekwenda kumchukua nalo Mtambwe, katapika njia nzima."

Mama alijiziba mdomo kwa kanga. Nilidhani analia, kisha nikaona mabega. Alicheka mpaka akakaa kizingitini, na Baba, ambaye hakujua anachekwa nini, naye akaanza kucheka.

Fundi akanisogelea, akaniuliza kwa sauti ya chini kama akwangue yote arudie. Mama akamsikia.

"Acha hivyo hivyo, fundi," akasema huku anafuta macho. "Kesho litakuwa la kijani tena."