Jim Bouton, Kata Iliyosema

Besiboli siijui sana. Ukiniuliza sheria zake nitababaika. Lakini kuna mrushaji mmoja wa mchezo huo, Mmarekani Jim Bouton, ambaye mimi kama mwandishi wa habari namrudia mara kwa mara. Si kwa sababu ya mpira wake, bali kitabu chake, Ball Four.

Mwaka 1963 Bouton aliishindia New York Yankees mechi 21. Mwaka uliofuata akashinda mbili kwenye fainali. Kisha mkono ukagoma: 1965 alishinda 4, akapoteza 15. Kufikia 1969 alikuwa Seattle Pilots, timu changa, akitegemea ule mpira unaoshikwa kwa ncha za vidole na kurushwa karibu bila kuzunguka, ukayumba hewani hata mrushaji mwenyewe asijue utaishia wapi.

Msimu huo ndio alioandika kumbukumbu zake, na mwanahabari Leonard Shecter akazihariri. Kitabu kilipotoka 1970, balaa! Alisimulia ulevi wa Mickey Mantle, shujaa wa taifa zima. Alitaja vidonge vya kuchangamsha mwili walivyobugia wachezaji, na jinsi klabu zilivyowabana kwenye mishahara. Kamishna wa besiboli, Bowie Kuhn, alimwita ofisini akamtaka atie saini kwamba aliyoyaandika si ya kweli. Jamaa akakataa.

Siri ya mtungi aijuaye kata. Sisi waandishi huuchungulia mtungi kutoka nje. Bouton alikuwa kata yenyewe. Sasa, kata ina haki ya kusema? Wengi waliokasirika ni wenzake, watu aliokula nao. Kwangu mimi, kinachomtetea ni kwamba hakujificha. Hofu yake ya kuachwa, maumivu ya mkono, siku aliyoshushwa hadi timu ya daraja la chini kule Vancouver, yote yamo.

Lakini gharama aliilipa. Yankees hawakumwalika kwenye siku yao ya wachezaji wa zamani hadi 1998, mwaka mmoja baada ya binti yake kufa kwa ajali ya gari, na baada ya mwanawe kuiomba klabu, kwa barua ya wazi katika New York Times, imrudishe baba yake nyumbani.

Vyumbani kwetu vya habari tunausifia ukweli kana kwamba hutolewa bure. Bouton, aliyefariki 2019, alisubiri karibu miaka thelathini kwa sababu ya wake. Na hakuwahi kuukana.