Uchovu Usioonekana

Kiswahili hakikuwasubiri wahandisi. Gari limechoka, shati limechoka, kochi limechoka: sote tunaelewa. Ila uchovu huo huonekana kwa macho. Rangi imepauka, springi zimelala. Uchovu ninaousomea mimi umefichwa ndani ya zege.

Madaraja mengi hujengwa kwa boriti za chuma chini na sakafu ya zege juu. Chukua rundo la karatasi, likunje: kila karatasi inateleza kivyake, rundo linalegea. Libane kwa pini nyingi na litakuwa gumu. Darajani, kazi ya pini hufanywa na vishikizo, yaani vijiti vifupi vya chuma vyenye kichwa, mara nyingi vya kipenyo cha milimita 19 au 22, vinavyochomelewa juu ya boriti kisha kumwagiwa zege. Baada ya hapo hakuna anayeviona tena.

Kila lori likipita, zege linataka kuteleza juu ya chuma na kishikizo kinalizuia. Mara moja si kitu. Mara milioni kadhaa, ufa huanza pale chini kilipochomelewa, ukatambaa. Kikikatika, mzigo wake unahamia kwa jirani, ambaye naye alikuwa hoi tayari. Mwaka 1966, Roger Slutter na John Fisher wa Chuo Kikuu cha Lehigh, Marekani, walichapisha majaribio yaliyoonyesha kuwa kinachoamua umri wa kishikizo hasa ni kiasi ambacho mkazo unapanda na kushuka kila mzigo unapopita. Kanuni za Ulaya zinakipa kiasi hicho kipeo cha 8. Cha nane! Mkazo ukiongezeka maradufu, pito moja linakula umri wa mapito 256.

Mjomba wangu ni dereva wa lori. Sheria ya Afrika Mashariki inaweka kikomo cha tani 56, naye hulipwa kwa tani. Nilimpigia hesabu nyuma ya risiti ya dizeli: zidisha mzigo kwa asilimia 20, na kwa vishikizo vya daraja la aina hiyo lori moja linakuwa zaidi ya malori manne.

Aliisoma mara mbili.

"Anko, nimepita madaraja miaka 19. Halijawahi kutikisika hata moja."

"Kishikizo cha kwanza kikikatika, mjomba, huwezi kuhisi chochote. Hata wakaguzi hawakioni."

Hilo lilimwingia, nadhani. Alikunja risiti, akaitia mfukoni mwa shati.

"Hiyo asilimia 20 ndiyo ada ya binamu yako," alisema. "Na anayepakia siyo mimi. Hesabu hii umeshampelekea tajiri?"