Mlinzi wa Nani?

Kijiji cha Riverwood hakina hata mlinzi mmoja. Wasee wengi wanaocheza Skyrim hulipita jambo hilo mbio kwa sababu wanataka kupigana na majoka. Umetoka Helgen, joka limeteketeza mji wote, na mtu anayekupa chakula na mahali pa kulala anakuomba kitu kimoja tu: nenda Whiterun, umwambie Jarl Balgruuf atume askari. Ukitoroka na Ralof, anayeomba ni Gerdur, mama mwenye kiwanda cha mbao. Ukimfuata Hadvar, ni Alvor mhunzi. Ombi ni lile lile. Mashoka wanayo, nyundo wanazo, wa kukesha ndiye hayuko.

Unafika kwa Jarl, na mshauri wake Proventus anapinga. Ati Jarl wa Falkreath ataona ni uchokozi, atadhani Whiterun inajiandaa kumvamia. Balgruuf anamkatiza na askari wanaenda. Nimecheza hapo mara nyingi sana tangu enzi za PS3 ya binamu yangu, na bado Proventus hunikera. Si mjinga, hesabu zake ziko sawa. Ni vile tu hajawahi kulala Riverwood.

Mjomba wangu alikuwa polisi wa akiba huko Baringo. Mchana alichunga mbuzi, usiku aliwalinda mbuzi hao hao kwa bunduki ya serikali. Mshahara hakuna, ilikuwa kazi ya kujitolea. Marafiki zangu wa Nairobi hudhani natunga nikiwaambia hivyo. Mwaka 2019 serikali ilipokusanya bunduki za polisi wa akiba, yake pia ilienda. Mkewe alipumua. Majirani wakaanza kuhesabu mbuzi mara mbili kila jioni. Wote wawili niliwaelewa, na hapo ndipo nilianza kuisikiliza hadithi ya Markarth vizuri.

Hadithi yenyewe iko hivi. Mwaka wa 174 wa Enzi ya Nne, Himaya ikiwa imebanwa na vita dhidi ya Aldmeri Dominion, wenyeji wa Reach waliteka Markarth wakajitawala. Jeshi la Himaya lilikuwa na shida zake kwingine. Miaka 2 baadaye Ulfric Stormcloak aliingia na wanamgambo wa Kinord, akaurudisha mji. Malipo waliyoahidiwa hayakuwa pesa: waruhusiwe kumwabudu mungu wao Talos waziwazi. Walikubaliwa. Halafu Thalmor wakajua, Himaya ikageuka, na Ulfric akaishia jela.

Kuna kitabu ndani ya gemu kinachosema wanamgambo hao waliua hata watu waliojisalimisha. Kimeandikwa na msomi wa Himaya, kwa hivyo najua kimetoka upande gani, lakini sikitupi. Hao wenyeji waliofukuzwa ndio Forsworn, wanaokurushia mishale ukipita barabara za Reach. Na Ulfric ndiye anaongoza uasi unaoukuta Skyrim nzima. Yaani kazi moja ya wanamgambo, iliyofanywa kwa sababu jeshi halikuwepo, ilizaa maadui wawili, na Himaya yenyewe ndiyo ilivunja ahadi. Ulfric simpendi hata kidogo, majivuno yake yamezidi. Lakini hasira ya vijana waliomfuata Markarth haikuanguka kutoka mbinguni.

Si kwamba walinzi rasmi ni malaika. Fika lango la Riften na mlinzi anakudai kodi ya wageni. Kodi gani, bana? Hiyo ni chai. Markarth nako, ukichunguza mauaji sana, walinzi wenyewe wanakutupa katika mgodi wa Cidhna, mali ya familia ya Silver-Blood. Uliza nani analipa, utajua kwa nini.

Juzi nilimaliza vita nikiwa upande wa Stormcloak, ile njia ambayo huwa naikwepa. Whiterun ikaanguka, Balgruuf akaondolewa, na walinzi wenye sare ya manjano wakabadilishwa na wengine wenye buluu. Nyuso zimefichwa na kofia za chuma kama kawaida. Sauti ni zile zile, na stori zao za mtaani ni zile zile. Nilisimama pale sokoni nikijaribu kusikia tofauti.